Kujiandaa na LSAT Ukiwa Mwanza Bila Tyusheni: Mwongozo Kamili

Kila matokeo yanapotoka napata ujumbe ule ule: "Nimefanya majaribio kibao, alama zimegoma." Anayeandika ana shahada yake, Kiingereza anakimudu, na amekesha kweli. Ukimuuliza alifanya nini baada ya kila jaribio, anajibu kwamba alihesabu alichopata, akasikitika kidogo, akafungua jaribio jingine. Hapo ndipo penye ugonjwa, na ndipo mwongozo huu utakapokaa muda mrefu zaidi.

Nimemwandikia mtu aliye Mwanza au kandokando ya ziwa, iwe Musoma, Bukoba, Sengerema au Ukerewe, anayefanya kazi mchana na kusoma jioni, na ambaye hana mwalimu wa mtihani huu mtaani kwake.

## Hakikisha kwanza ni mtihani wako

LSAT ni mtihani wa kuombea nafasi ya shahada ya sheria ya JD, hasa Marekani na Canada. JD huombwa na mtu ambaye tayari ana shahada ya kwanza, na fani haijalishi: ualimu, uhandisi, biashara, kilimo, hata sheria yenyewe.

Umemaliza kidato cha sita na unataka LLB, yaani shahada ya kwanza ya sheria, pengine pale chuo cha SAUT, Malimbe? LSAT haikuhusu. Una LLB na unataka uwakili wa hapa nyumbani? Njia yako inapita Law School of Tanzania, Dar es Salaam. Una LLB na unataka LLM, yaani shahada ya uzamili ya sheria, ya Marekani? Kwa kawaida vyuo haviombi LSAT kwa LLM. Soma ukurasa wa udahili wa chuo unachokitaka kabla hujatumia hata shilingi. Nimeona watu wakijiandaa miezi kwa mtihani ambao chuo chao hakikuuomba.

## Mtihani ulivyo

Una sehemu nne, kila moja dakika 35, na mapumziko ya dakika 10 baada ya sehemu ya pili. Jumla ni kama saa mbili na nusu. Tatu kati ya hizo huhesabiwa: mbili za hoja na moja ya ufahamu wa vifungu. Moja inayobaki ni ya majaribio ya watunga mtihani na haihesabiwi, ila hutaijua ni ipi kati ya hizo nne. Usipoteze nguvu kuibahatisha.

Sehemu ya hoja ina maswali kama 25, ya vifungu kama 27. Kila swali lina majibu matano na jibu sahihi ni moja. Ukikosea hukatwi alama, kwa hiyo usiache swali wazi hata moja. Alama huanzia 120 hadi 180, na katikati ya watahiniwa wote iko maeneo ya 152 hivi.

Hakuna swali linalouliza sheria. Hakuna kusikiliza wala kuongea, kwa hiyo lafudhi yako ya Kisukuma au Kihaya haina anayeijali.

## Vitu vya kuwa navyo

Kompyuta. Simu inafaa kusomea nadharia basi. Ukizoea kusukuma kifungu kwa kidole gumba, siku ya mtihani macho yatapotea kwenye skrini pana. Kama huna kompyuta, panga na rafiki au ofisini kwa ajili ya majaribio ya saa, yaani yale yanayopimwa muda. Mazoezi mengine unaweza kuyanakili kwa mkono.

Akaunti ya LSAC na ya LawHub. LSAC ndio wenye mtihani, na LawHub ndiyo tovuti yao ya mazoezi. Kufungua akaunti ni bure, na kuna majaribio kadhaa ya bure. Ukilipia, kama dola 120 kwa mwaka, unafunguliwa mitihani iliyopita yenye namba 101 hadi 158, yote imepangwa upya kwa muundo wa sasa. Usilipie siku ya kwanza, maana mwaka unaanza kuhesabiwa hapo hapo. Lipia ukifika hatua ya 4.

Kaunta buku moja kubwa kutoka steshenari yoyote. Hilo ndilo daftari la makosa. Nitalirudia sana.

Saa ya kuhesabu nyuma, ambayo ipo kwenye simu yako. Simu yenyewe iweke hali ya ndegeni.

Bando la kawaida. Majaribio ni maandishi matupu, hayali bando. Kinachokula ni video za mafunzo, na nyingi ni maneno mengi kuzunguka jambo dogo.

Pasipoti. Kama huna, anza leo.

Muda. Kwa mwenye kazi, panga miezi mitano hadi sita, saa moja na nusu kwa siku, siku tano za wiki. Siku moja kati ya mbili zinazobaki iwe ya kupumzika kabisa.

Onyo moja kubwa kuhusu vitabu: hadi Juni 2024 mtihani huu ulikuwa na sehemu ya michezo ya mantiki, ile ya kupanga watu saba kwenye viti saba. Kuanzia Agosti 2024 imeondolewa. Vitabu vya mitumba na PDF zinazozunguka kwenye magrupu bado vimejaa hiyo. Kuna watu mpaka leo wanachora viti. Ukikutana na sehemu hiyo, iruke. Na hizo PDF nyingi zina majibu yaliyokosewa au kurasa zilizopotea, mbali na kwamba ni za wizi. Majaribio ya bure ya LawHub yanatosha kuanzia.

## Hatua ya 1: Jaribio la kujipima

Fanya jaribio moja kamili, kwa saa, kabla hujajifunza chochote. Chagua asubuhi ya Jumamosi, funga mlango, waambie wa nyumbani.

Lengo ni kujua uko wapi na kuonja uchovu wa sehemu ya nne. Alama itakuwa ndogo. Iandike ukurasa wa kwanza wa kaunta buku, na usimwambie mtu. Ukimwambia mjomba kwamba umepata 141, kila Jumapili atakuuliza imefika ngapi.

Umefaulu hatua hii ukiwa na namba mbili: alama yako, na alama ya chuo unachokitaka. Vyuo vya Marekani huchapisha alama ya kati ya wanafunzi wao wa mwaka wa kwanza. Lenga juu kidogo ya hapo, kwa sababu ufadhili wa JD mara nyingi hufuata alama ya LSAT na wastani wa shahada yako. Kwa Mtanzania asiye na mfadhili, alama tano za ziada zaweza kuwa tofauti kati ya barua ya kukubaliwa tu na barua yenye ada ndani yake.

## Hatua ya 2: Jifunze kupasua hoja

Sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa ni za hoja, kwa hiyo anzia hapa na ukae wiki sita hadi nane. Bila saa. Narudia, bila saa.

Shida yetu ni malezi ya darasani. Tangu msingi tumefundishwa kutoa tulichokariri. Mtihani huu unakupa kila kitu kwenye mistari mitano, kisha unakuuliza kama mistari hiyo inashikana. Ujuzi wako wa nje hautakiwi, na mara nyingine ndio unaokuponza.

Kila hoja ina vitu viwili: hitimisho, yaani kile mwandishi anachotaka ukubali, na sababu alizozitoa. Kati yake kuna pengo. Karibu maswali yote magumu yanaishi ndani ya pengo hilo. Chukua hii:

*"Tangu gati lianze kufunguliwa saa 11 alfajiri, bei ya dagaa pale mwaloni imeshuka. Ni wazi kwamba kufungua gati mapema ndiko kulikoshusha bei."*

Hitimisho: gati ndilo lililoshusha bei. Sababu: mambo mawili yalifuatana. Pengo: kufuatana si kusababishana.

Mtu wa Kirumba, huko huko mwaloni, atacheka haraka, kwa sababu anajua dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi hukaa ufukweni. Atasema, "Labda gati lilifunguliwa kikianza kipindi cha giza." Safi, huo ndio ubongo unaotakiwa. Lakini angalia mpaka wake. Ukiulizwa *ni kipi kinachodhoofisha hoja*, jibu linaruhusiwa kuleta habari mpya kama hiyo ya giza, na unaipokea kuwa kweli. Ukiulizwa *ni kipi lazima kiwe kweli kutokana na maelezo*, giza halimo, na jibu lenye giza ni mtego uliotegwa kwa ajili ya watu wanaojua mambo.

Kwa hiyo kabla ya kusoma majibu, fanya haya kwa mpangilio:

1. Soma swali lenyewe kwanza, ujue umetumwa nini.
2. Soma hoja, tafuta hitimisho. Lisipopatikana, jiulize: "Anataka nikubali nini?"
3. Sema pengo kwa maneno yako. Kwa Kiswahili, kwa Kisukuma, kwa lugha yoyote ile, ila liseme.
4. Sasa soma majibu yote matano, hata kama A limekupendeza.

Watu huruka namba 3. Ukiiruka, majibu matano yanaanza kukufikiria badala ya wewe kuyafikiria, na yameandikwa na watu wanaolipwa kukuvutia kwenye jibu baya.

Dhana ya lazima. Aina hii inaangusha wengi, kwa hiyo niikalie kidogo. Hoja: *"Manispaa imeweka taa kwenye barabara ya kwenda mwaloni. Kwa hiyo wachuuzi wa dagaa wataanza kufunga biashara usiku zaidi."* Hoja hii inategemea nini kisichosemwa? Majibu mawili yanagombana:

- Giza ndiyo sababu pekee iliyowafanya wafunge mapema.
- Giza lilikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya wafunge mapema.

La kwanza linavutia kwa sababu lina nguvu. Likanushe: giza halikuwa sababu *pekee*. Je, hoja imekufa? Hapana, taa bado zaweza kusaidia. Likanushe la pili: giza halikuwa sababu *hata kidogo*. Hapo taa hazina kazi na hoja imelala chali. Jibu ni la pili. Kipimo cha kukanusha kinafanya kazi kwa dhana ya lazima tu. Ukikitumia kila mahali kitakupoteza.

Panga wiki zako kwa aina: hitimisho kuu, kosa la hoja, dhana ya lazima, dhana inayotosheleza (inayotosha kuziba pengo lote), kudhoofisha, kuimarisha, kinacholazimu (kile ambacho lazima kiwe kweli), kutatua utata, hoja zinazofanana. Kosa la hoja na zile za dhana zipewe muda mrefu zaidi, ndizo zinazojirudia sana. Hoja zinazofanana ni ndefu na hutokea mara chache. Ziache mwisho bila wasiwasi.

Umefaulu ukiweza kufanya maswali 25 bila saa na kupata 20 na zaidi, na kwa kila moja ukaweza kueleza kwa nini yale manne mengine ni mabaya. Ukipata 22 bila maelezo, bado hujavuka.

## Hatua ya 3: Masharti na viwango

Wiki mbili tu, ila za umakini.

Chukua kanuni: *Hakuna mtumbwi wa abiria unaoruhusiwa kuondoka bila majaketi ya kuokolea.* Na tuseme kanuni inafuatwa daima. Mtumbwi umeondoka: basi una majaketi. Hauna majaketi: basi haujaondoka. Hayo mawili ni jambo moja lililogeuzwa kwa usahihi. Lakini *una majaketi, kwa hiyo umeondoka* ni uongo, huenda injini imegoma. Na *haujaondoka, kwa hiyo hauna majaketi* ni uongo vile vile. Mitego mingi ya masharti ni hizo sentensi mbili za mwisho zikiwa zimevaa suti.

Tengeneza kadi za maneno ya Kiingereza yanayobeba masharti: "if", "only if", "unless", "without", "the only". Kwa kila moja andika sentensi kumi za maisha yako na uzigeuze. "Only if" ndiyo inayowachanganya wengi: inaanzisha kile kinachohitajika, si kile kinachotosha.

Kisha viwango. "Some" ni angalau mmoja, na huenda ni wote. "Most" ni zaidi ya nusu. "Many" haikuahidi nusu. Sisi tunaosoma Kiingereza tukiwa na Kiswahili kichwani tunayasikia hayo mawili ya mwisho yote kuwa "wengi", na kuna majibu yanayopotea hapo hapo.

Umefaulu ukigeuza sharti bila kuchora mishale, huku mtu anakuongelesha.

## Hatua ya 4: Daftari la makosa

Hapa ndipo waliogoma kupanda alama wanapopandia.

Kuanzia sasa kila zoezi la saa lifanywe hivi. Ukiwa unafanya, weka alama kwenye kila swali ambalo huna uhakika nalo. LawHub ina kitufe cha bendera. Saa ikiisha, usiangalie majibu. Pumzika, kunywa chai. Rudi kwenye maswali yenye bendera, uyafanye upya bila saa, na uandike jibu la pili pembeni. Ndipo ufungue majibu.

Sasa una alama mbili: ya saa na ya utulivu. Zisome pamoja. Kama ya saa ni 15 na ya utulivu ni 22, unaelewa ila unakimbizwa. Kazi yako ni kasi. Kama ni 15 na 16, tatizo ni uelewa. Rudi hatua ya 2, na kuongeza majaribio hakutakusaidia chochote. Wengi wanaoniandikia wako kundi hili la pili, na dawa wanayojipa ni ya kundi la kwanza.

Kila ulilokosa, na kila ulilopata kwa kubahatisha, liingie kwenye kaunta buku likijibu haya:

- Ni aina gani ya swali?
- Nilichagua nini, na kilinivutia kwa nini?
- Kimekosea wapi, kwa neno au kifungu mahususi?
- Nikikutana na ndugu yake nitafanya nini tofauti?

Maandishi mabovu: "Swali la 14. Uzembe." Neno *uzembe* ni marufuku kwenye daftari hili, halimfundishi mtu kitu. Maandishi mazuri: "Swali la 14, kudhoofisha. Nilichukua C kwa sababu inataja bei kushuka. Inazungumzia sangara, hoja ni ya dagaa. Nitakagua kama mada ya jibu ni ile ile ya hitimisho." Hayo ni mistari mitatu na yana kazi ya kufanya kesho.

Kila Jumapili soma daftari lote, na maswali uliyokosa wiki tatu zilizopita uyafanye upya bila kutazama maelezo. Ukikosa tena swali lile lile kwa sababu ile ile, umepata darasa lako la wiki inayokuja.

Onyo: utaona uvivu wa kuandika, hasa umerudi kutoka kazini Igoma kwa daladala mbili. Siku hiyo punguza maswali, usipunguze daftari. Maswali nane yaliyopitiwa yanazidi 25 yaliyohesabiwa.

Umefaulu makosa yakianza kufanana. Ukiona kwamba nusu ya unayoyakosa ni majibu yenye nguvu kupita hoja, una kitu cha kurekebisha, na kinarekebishika.

## Hatua ya 5: Vifungu

Sehemu hii ina seti nne: sheria, sayansi, jamii na sanaa. Moja kati ya hizo ni ya vifungu viwili vifupi vya kulinganisha. Una kama dakika 8 na sekunde 45 kwa kila seti.

Usisome kukariri maelezo, utayarudia yakiulizwa. Soma ukitafuta nani anasema nini, na mwandishi yuko upande gani. Kila aya ikiisha, simama sekunde tano, sema kazi yake: "anamleta mpinzani", "anamjibu", "anatoa mfano". Kifungu kikiisha uwe na sentensi moja ya mwandishi anataka nini.

Mazoezi ya bure yako mlangoni. Tovuti ya TanzLII ina hukumu za mahakama zetu bila malipo, zikiwemo za Mahakama Kuu Kanda ya Mwanza. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini hukumu za Kiingereza zimejaa pale. Chukua moja ya Mahakama ya Rufani, soma kurasa nne, andika: mgogoro ni nini, mrufani anasema nini, mjibu rufani anasema nini, mahakama imeegemea sababu ipi. Kiingereza chake ni kizito na sentensi ni ndefu, ndicho unachokihitaji. Zoezi moja kila siku mbili. Sayansi usiikimbie: wenye shahada za sanaa hujikunja wakiona protini, wakati maswali yake mara nyingi ni ya moja kwa moja kuliko ya sanaa.

Umefaulu ukijibu swali la wazo kuu bila kurudi juu.

## Hatua ya 6: Ongeza saa kidogo kidogo

Anza na dakika 50 kwa sehemu, kisha 45, 40, halafu 35. Usishuke kabla hujakaa vizuri ulipo kwa mazoezi matatu hivi.

Hoja moja inapata wastani wa dakika 1 na sekunde 24, lakini usigawe sawa. Kumi za mwanzo kwa kawaida ni rahisi zaidi. Zimalize ndani ya dakika 12 hivi ubakize muda wa zile za katikati zinazouma. Swali likikukaba dakika mbili na nusu, chagua, weka bendera, songa. Dakika ya mwisho jaza yote yaliyobaki kwa herufi moja.

## Hatua ya 7: Majaribio kamili

Miezi miwili ya mwisho, jaribio moja kwa wiki, lisizidi mawili. Siku inayofuata ni ya daftari. Mitihani iliyopita haiongezeki, na swali ukishalijua jibu limekwisha thamani.

Fanyia mahali pasipo pako: Maktaba ya Mkoa, au ofisi ya mtu mwisho wa wiki. Kelele kidogo si mbaya, chumba cha mtihani nacho kina watu wanaogonga kibodi kama wanatwanga. Kompyuta iwe imejaa chaji, kwani umeme una tabia zake na jaribio lililokatika katikati halikupi alama ya kuaminika.

Umefaulu majaribio matatu mfululizo yakikaa kwenye lengo lako au pungufu kwa alama mbili. Moja la juu lisikupandishe kichwa, tumia wastani.

## Hatua ya 8: Kujisajili na kulipa

Nimeiweka hapa, lakini ianze mapema, miezi minne kabla.

Ada ya mtihani inazidi dola 200, na kuna malipo mengine ya CAS, huduma ya LSAC ya kukusanya na kutathmini nakala za matokeo yako ya chuo. Nenda benki mapema uombe kadi ya Visa au Mastercard ifunguliwe malipo ya mtandaoni; kadi nyingi huwa zimefungwa upande huo. Msamaha wa ada una masharti ya uraia na ukaazi, kwa hiyo Mtanzania aliye Mwanza asiuweke kwenye bajeti.

Mwaka 2025 LSAC walitangaza kwamba kuanzia mtihani wa Agosti 2026 watahiniwa wengi watafanyia kituoni, na kufanyia nyumbani kutabaki kwa wenye sababu maalumu. Angalia vituo ndani ya akaunti yako kabla ya kulipa. Usidhani kitakuwa hapa jijini; weka nauli na malazi ya usiku mbili kwenye hesabu.

Angalia saa. Dirisha la kujisajili likifungwa saa 5:59 usiku ya New York, kwetu ni muda mfupi kabla ya saa 1 asubuhi ya kesho yake kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, na kabla ya saa 2 miezi mingine, kwa sababu wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Na barua pepe ikisema 9:00 a.m., hiyo ni saa 3 asubuhi. Kuna waliofika saa 9.

Jina la akaunti lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Vyeti vyetu vina majina matatu, pasipoti ina mpangilio wake, na msimamizi hana mamlaka ya kukuonea huruma.

Nakala za matokeo zitumwe na chuo chenyewe kwenda LSAC. Mpe ofisa wa usajili muda, umtembelee ana kwa ana ukiweza.

## Hatua ya 9: Insha

Kuna insha inayofanywa peke yake kwa kompyuta yako, kwa siku tofauti: dakika 15 za kujipanga na 35 za kuandika. Unapewa suala moja lenye mitazamo kadhaa, uchukue msimamo na ujibu wapinzani. Haina alama, ila vyuo huipokea, na matokeo yako ya LSAT hayatatolewa kama huna insha iliyokubaliwa. Ifanye wiki ile ile ya mtihani. Andika tatu za mazoezi, zinatosha.

## Hatua ya 10: Siku ya mtihani na baada yake

Siku mbili kabla, funga mazoezi ya saa. Pitia kurasa za mwisho za kaunta buku basi. Kama unasafiri, fika jana yake, uende kituoni ukaone mlango ulipo.

Asubuhi, fanya hoja nne ulizokwisha kuzijua ili ubongo uwake. Pasipoti mfukoni. Sehemu ikikuendea vibaya, usiihesabu. Huenda ndiyo isiyohesabiwa.

Matokeo huchukua kama wiki tatu. Unaruhusiwa kufanya mara 5 ndani ya kipindi ambacho alama huripotiwa, na mara 7 maishani. Vyuo vingi hutazama alama ya juu. Kama umepata chini ya wastani wa majaribio yako matatu ya mwisho kwa alama nne au zaidi, rudia, na ujisajili dirisha linalofuata mikono ikiwa bado ya moto. Kama umepata sawa na wastani huo, kurudia mwezi ujao ni kuchoma ada: rudi hatua ya 4 kwa miezi mitatu kwanza, na uanze na kusoma kaunta buku lote toka ukurasa wa kwanza.